Seva ya imeji na uokoaji kwa chumba cha kompyuta: mwongozo kamili kwa mafundi wa Tanga

Kupiga Windows kwa flashi kwenye kompyuta moja, kuweka draiva, programu za ofisi na antivairasi, kisha kusubiri masasisho yashuke, ni kazi ya nusu siku. Chumba chenye kompyuta thelathini kitakula wiki mbili au zaidi, na ukimaliza hakuna mbili zinazofanana: hii haina printa, ile saa yake iko nyuma, nyingine imesahauliwa fonti. Baada ya mwezi vairasi wanaingia kwa flashi ya mwanafunzi mmoja, na kazi inaanza upya.

Watu wa Tanga wana msemo wao, waja leo waondoka leo. Kompyuta iliyogoma nayo inafaa iwe hivyo: iingie benchi saa mbili asubuhi, kabla ya adhuhuri iwe imerudi mezani ikiwa kama siku ya kwanza. Hilo linawezekana ukiwa na seva ya imeji. Imeji ni nakala iliyobanwa ya diski nzima ya mashine moja uliyoiandaa vizuri. Hapa tutaiita mashine mama. Nakala hiyo inakaa kwenye seva. Kompyuta inayohitaji matibabu inawashwa kupitia kebo ya mtandao badala ya diski yake, kwa utaratibu uitwao PXE, inapokea imeji, inajiandika upya yote, inawaka.

Mwongozo huu unatumia FOG, programu huria isiyolipiwa, juu ya Debian 12, aina moja ya Linux. Kama una kompyuta tatu au nne tu, usijisumbue na seva: Clonezilla, programu ya kunakili diski, kwenye flashi na diski ya nje vinatosha. FOG inaanza kulipa jasho lako pale kompyuta zinapofika kumi au zaidi, na hasa pale fundi mmoja anapohudumia shule za mjini pamoja na Muheza au Pangani.

Vifaa

Seva haihitaji kuwa ya kifahari. Kazi ya kubana na kufungua imeji hufanywa na kompyuta ya mwanafunzi yenyewe; seva inasoma diski na kusukuma data kwenye kebo, basi. Kompyuta ya mezani yenye prosesa ya kori nne na RAM ya GB 8 inatosha kabisa. Pesa yako iweke kwenye diski na mtandao: SSD ndogo ya GB 120 au 240 kwa mfumo, SSD ya TB 1 kwa ajili ya imeji, na kadi ya mtandao ya gigabiti. Ukitumia diski ya kuzunguka badala ya SSD itafanya kazi, lakini kompyuta nne zikisoma imeji kwa wakati mmoja kichwa cha diski kinahangaika huku na huku na kasi inaporomoka.

Swichi ya mtandao iwe ya gigabiti. Kompyuta thelathini na seva ni milango thelathini na moja, kwa hiyo chukua moja ya milango 48 au mbili za milango 24. Usiunganishe mlolongo wa swichi ndogo za milango minane, maana kompyuta saba za mwisho zitagombania kebo moja inayorudi mbele. Wi-Fi haimo katika kazi hii. PXE haiipiti, na hata ingepita, isingefaa.

Hesabu hii ndiyo inayoonyesha kwa nini gigabiti. Windows yenye programu za kawaida inachukua karibu GB 28 kwenye diski, na ikibanwa huwa karibu GB 13. Kwenye mtandao wa megabiti 100 unapata kama megabaiti 11 na nusu kwa sekunde, yaani dakika 19 kwa kompyuta moja, na saa tisa na ushee kwa thelathini moja baada ya nyingine. Kwenye gigabiti, GB 13 zinapita chini ya dakika mbili na nusu; kinachochelewesha sasa ni diski ya kompyuta inayoandika, na diski ya kuzunguka hukaa dakika tano hadi nane.

Kebo ziwe Cat5e au Cat6 za shaba tupu. Sokoni kuna kebo nyepesi za alumini iliyopakwa shaba. Ni rahisi kwa bei, lakini waya zake hukatika ndani ya kichwa ukizikunja mara chache. Hapa Tanga kuna jambo la zaidi: hewa ya chumvi. Chumba kinachofungua madirisha upande wa bahari, iwe Raskazone au karibu na bandari, kinaoza miguso ya chuma. Chomoa kichwa cha kebo iliyokaa mwaka, ukigeuze kwenye mwanga: meno manane yanapaswa kung'aa. Ukiona ukungu wa kijani kwenye jino moja au mawili, kata kichwa hicho ubane kingine, usikifute. Sababu inahusu kazi yetu moja kwa moja. Mtandao wa gigabiti unatumia jozi zote nne za waya. Wa megabiti 100 unatumia mbili tu. Ikifa moja ya zile jozi mbili za ziada, kompyuta kwa kawaida haikatiki mtandao, inashuka kimyakimya hadi megabiti 100, na wewe utashinda ukilaumu seva.

Ongeza UPS ya VA 1000 kwa ajili ya seva na swichi peke yake, wala usichomeke skrini wala printa humo. Betri zake za asidi hazipendi joto la pwani, hivyo zipime kila mwaka na ujiandae kuzibadilisha baada ya miaka miwili au mitatu. Mwisho, diski ya nje ya TB 2 kwa ajili ya nakala ya akiba.

Uamuzi wa kwanza: nani anagawa anwani?

Hapa ndipo seva nyingi za imeji zinapofia. Kompyuta inapowaka kwa PXE inapiga kelele kwenye mtandao ikiomba mambo mawili: anwani ya IP, na jina la faili la kuwakia pamoja na seva ilipo. Anayejibu ni huduma ya DHCP. Ruta ya mtoa intaneti nayo inajibu, ila inatoa anwani tu. Zikijibu mbili kwa pamoja, leo kompyuta itapata FOG, kesho itapata ruta, na hutajua kwa nini.

Njia safi ni kukitenga chumba. Swichi ya maabara isiguse ruta ya ofisi, na FOG yenyewe igawe anwani. Kama wanafunzi wanahitaji intaneti, weka kadi ya pili ya mtandao kwenye seva au ruta ndogo unayoimiliki ambayo DHCP yake umeizima. Njia ya pili ni kuacha ruta igawe anwani na kuweka kwenye seva programu ya dnsmasq inayoongeza jibu la pili tu, lile la faili la kuwakia. Hii inafaa pale ruta si yako na huruhusiwi kuigusa.

Katika mfano wetu seva itakuwa 192.168.50.10 na ruta 192.168.50.1. Chagua anwani sasa na usiibadilishe tena. Anwani ya seva huandikwa na FOG mahali pengi: kwenye /opt/fog/.fogsettings, kwenye faili la /tftpboot/default.ipxe, kwenye mipangilio ya ukurasa wake na kwenye taarifa za ghala la imeji. Ukiigeuza baadaye ukasahau sehemu moja, mfumo unavunjika nusunusu, na huo ndio uharibifu mgumu kuupata.

Kusimika Debian na FOG

Pakua Debian 12 ya kusimikia kwa mtandao, na kama bando ni dogo, fanya hivyo mahali penye faiba kabla ya kufika kwenye chumba. Wakati wa kusimika, usiweke mazingira ya madirisha (desktop environment). Chagua «SSH server» na «standard system utilities» tu. SSD ndogo ipe mfumo. Diski ya TB 1 ipangie mahali pake, /images, kwa ext4. Usiache /images ikae pamoja na mfumo kwenye diski moja isiyogawanywa: imeji zikijaa, hifadhidata nayo inakosa pumzi na ukurasa wa FOG unagoma kufunguka.

Kuhusu majina: mtumiaji wako wa Linux usimwite fogproject. Jina hilo FOG inalitumia yenyewe kuhamishia imeji.

Weka anwani ya kudumu ndani ya /etc/network/interfaces, ukibadilisha enp3s0 kuwa jina la kadi yako, ambalo utaliona kwa amri ya ip a:

auto enp3s0
iface enp3s0 inet static
  address 192.168.50.10/24
  gateway 192.168.50.1

Ndani ya /etc/resolv.conf andika nameserver 192.168.50.1, au anwani ya DNS unayoitumia. Zima na uwashe, kisha thibitisha kadi inaongea gigabiti:

sudo apt update && sudo apt install -y git ethtool
sudo ethtool enp3s0 | grep Speed

Jibu liwe 1000Mb/s. Likiwa 100Mb/s, rudi kwenye kebo kabla ya kwenda mbele. Sasa FOG:

git clone https://github.com/FOGProject/fogproject.git
cd fogproject/bin
sudo ./installfog.sh

Programu itakuuliza maswali. Aina ya Linux: 2, ndiyo familia ya Debian. Aina ya usimikaji: N, seva ya kawaida. Kadi ya mtandao: ikitaja isiyo sahihi, kataa uandike yako. Swali la kama FOG itoe huduma ya DHCP: Y kama umekitenga chumba, N kama ruta inaendelea kugawa. HTTPS: N kwa maabara iliyotengwa, vyeti huongeza kazi ambayo bado hujaihitaji. Katikati itasimama na kukuambia ufungue ukurasa ili hifadhidata iundwe. Fungua kivinjari kwenye kompyuta nyingine, nenda http://192.168.50.10/fog/management, bofya kitufe cha kusimika, kisha rudi kwenye seva ubonyeze Enter. Watu wengi hupita hapa bila kusoma, wanafunga dirisha, halafu wanashangaa ukurasa unalia hifadhidata.

Unaingia kwa jina fog na nywila password. Ibadilishe papo hapo. Mwanafunzi mwerevu wa kidato cha tatu atajaribu nywila hiyo kabla hujamaliza chai, na aliyeingia humo anaweza kufuta kompyuta zote kwa mbofyo mmoja.

Kama umechagua njia ya pili, simika dnsmasq na uunde faili /etc/dnsmasq.d/fog.conf:

port=0
log-dhcp
dhcp-no-override
dhcp-range=192.168.50.10,proxy
dhcp-boot=undionly.kpxe,,192.168.50.10
pxe-prompt="FOG", 1
pxe-service=X86PC, "FOG", undionly.kpxe
pxe-service=X86-64_EFI, "FOG", ipxe.efi
pxe-service=BC_EFI, "FOG", ipxe.efi

Kisha sudo systemctl restart dnsmasq. Faili la undionly.kpxe ni la kompyuta za BIOS ya zamani, ile programu ya kwenye bodi inayoiamsha kompyuta; ipxe.efi ni la UEFI, mrithi wake. Ukimpa mmoja chakula cha mwenzake, kompyuta inapakua, skrini inakuwa nyeusi, basi. Baadhi ya kompyuta za UEFI zinakwama hata kwa ipxe.efi, hizo zijaribu kwa snponly.efi, ambayo hutumia draiva ya mtandao iliyomo ndani ya kompyuta yenyewe.

Kuandaa kompyuta za chumba

Ingia kwenye mipangilio ya BIOS au UEFI ya kila kompyuta na uweke mambo manne. Washa PXE ya mtandao. Zima Secure Boot, kinga inayokataa faili za kuwakia zisizosainiwa. Namna ya kuongea na diski iwe AHCI, wala si RAID au Intel RST, kwa sababu mfumo mdogo wa FOG mara nyingi hauioni diski iliyofichwa nyuma ya RST. Mtandao uwe wa kwanza katika mpangilio wa kuwaka, diski ya pili. Hapo FOG itaonyesha menyu yake sekunde chache, na kama hakuna kazi, inaiachia diski.

Tahadhari: kompyuta yenye Windows iliyosimikwa chini ya RST, ukiigeuza AHCI bila maandalizi, itawaka na kuonyesha INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Kama unakwenda kuifuta kwa imeji yako, hilo halikuhusu.

Kompyuta za mtumba zina ugonjwa wao: betri ya CR2032 iliyochoka. Saa inarudi nyuma miaka, mpangilio wa kuwaka unapotea, AHCI inarudi RAID, na kompyuta iliyokuwa nzima jana leo ina skrini ya buluu. Pima betri hizo kwa mita. Mpya ni volti 3, iliyoshuka chini ya 2.7 itupe. Nunua thelathini kwa mpigo ubadilishe zote siku moja.

Kisha washa kila kompyuta kwa PXE na kwenye menyu ya FOG chagua «Perform Full Host Registration and Inventory», uipe jina lenye maana. Tunapendelea chumba, safu na kiti: lab1-b04. Fundi akipigiwa simu kwamba «ile ya dirishani imekufa», jina likifuata kiti anajua aende wapi. Ikiwa kompyuta inakwama baada ya menyu badala ya kuendelea kwenye diski, fungua taarifa zake kwenye ukurasa wa FOG na ubadilishe namna ya kutoka: kwa UEFI jaribu REFIND_EFI, kwa BIOS jaribu SANBOOT kisha GRUB_FIRST_HDD.

Mashine mama

Hapa tumia muda mwingi kuliko sehemu nyingine yoyote. Kosa moja kwenye mashine mama ni makosa thelathini chumbani, na uzuri wake pia ni thelathini.

Diski ya mashine mama iwe ndogo kuliko diski ndogo kabisa chumbani. Kama kuna kompyuta zenye SSD ya GB 120, jenga kwenye diski ya GB 64. Mashine pepe, yaani kompyuta inayoigizwa ndani ya nyingine, ni bora kuliko halisi: haibebi draiva za kompyuta fulani, na unaweza kuipiga picha ya hali yake na kurudi nyuma.

Kwanza amua mfumo. Msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa za Intel za kizazi cha nane au mpya zaidi. Kompyuta nyingi za mtumba hazifiki hapo. Kwa hizo, Ubuntu au Linux Mint na LibreOffice ni chaguo la heshima, na FOG inazishusha vilevile. Ukisimika Ubuntu kwenye mashine mama, usichague LVM, namna ya Linux ya kugawa diski, kwani FOG haiwezi kuipanua au kuipunguza. Na kabla ya kuchukua imeji futa utambulisho wa mashine kwa sudo truncate -s 0 /etc/machine-id ili nakala zote zisijione kuwa kompyuta moja.

Kwa Windows: simika, na kwenye skrini ya kwanza ya kuuliza nchi bonyeza Ctrl+Shift+F3. Utaingia hali ya ukaguzi, bila kuunda mtumiaji. Simika programu zako na masasisho yote. Usiguse duka la Microsoft. Programu inayosasishwa kwa mtumiaji mmoja tu ndiyo sababu ya kawaida ya kugoma kwa Sysprep, chombo cha Windows kinachoondoa utambulisho wa mashine kabla ya kunakiliwa. Ikigoma, soma C:\Windows\System32\Sysprep\Panther\setupact.log, mwishoni kabisa. Litataja jina la kifurushi, nawe ukiondoe kwa Remove-AppxPackage ndani ya PowerShell.

Usiweke kamwe «kiamshi» cha kuvunja leseni. Vitu hivyo hubeba vairasi, nawe utakuwa umewasambaza kwa mkono wako kwenye chumba kizima. Jua pia kuwa leseni iliyokuja na kompyuta haikupi haki ya kushusha imeji moja kwenye nyingi; haki hiyo inatokana na leseni ya wingi.

Zima usingizi mzito na kuwaka kwa haraka: powercfg /h off. Ukiacha, NTFS inabaki imefungwa nusu na FOG itakataa kuipunguza. Kagua usimbaji wa diski (BitLocker): manage-bde -status. Windows 11 za karibuni huuwasha zenyewe. Ukiona umewaka, manage-bde -off C: na usubiri ifike asilimia sifuri, diski iliyosimbwa FOG haiwezi kuisoma ndani: ama itakataa kuichukua, ama itainakili yote baiti kwa baiti, na GB 13 zinakuwa 64.

Jambo jingine: Windows huweka sehemu yake ya uokoaji mwishoni mwa diski, nyuma ya C. Sehemu hiyo inazuia C kupanuka kwenye diski kubwa. Kwa kuwa uokoaji wako sasa ni FOG, iondoe: reagentc /disable, kisha ndani ya diskpart ichague na uifute kwa delete partition override. Hakikisha kwa list partition kwamba hujachagua C. Diskpart haiulizi mara mbili.

Simika pia mteja wa FOG, ambaye utampakua kwenye ukurasa wa seva chini kabisa. Huyu ndiye anayebadilisha jina la kila kompyuta baada ya kushusha imeji. Mzuie asiamke mapema, akaizima kompyuta katikati ya maandalizi:

sc config FOGService start= disabled

Nafasi baada ya alama ya sawasawa ni lazima. Kisha unda C:\Windows\Setup\Scripts\SetupComplete.cmd lenye mistari hii:

sc config FOGService start= delayed-auto
shutdown -t 0 -r

Faili hilo Windows hulipuuza ikiwa ufunguo wa leseni ni wa OEM, yaani uliokuja na kompyuta kutoka kiwandani. Hapo weka amri hizo kwenye FirstLogonCommands za faili la unattend, yaani faili la majibu ambalo Windows hulisoma badala ya kukuuliza maswali; hapa tumeliweka C:\unattend.xml.

Piga picha ya hali ya mashine pepe sasa, kabla ya Sysprep. Mwezi ujao ukitaka kuongeza programu, rudi kwenye picha hii, wala usifanye Sysprep juu ya Sysprep. Halafu:

C:\Windows\System32\Sysprep\sysprep.exe /generalize /oobe /shutdown /unattend:C:\unattend.xml

Mashine ikizimika, isiwake tena kwa diski yake. Ikiwaka hata mara moja, kazi ya Sysprep imetumika na inabidi urudi kwenye picha.

Kuchukua imeji

Kwenye ukurasa wa FOG unda imeji mpya. Jina liwe na tarehe, kwa mfano win11-lab1-2026-01. Aina: «Single Disk - Resizable». Kibanio: Partclone Zstd, kiwango cha 11 kama mwanzo, juu zaidi unapoteza muda mwingi kwa kupunguza megabaiti chache. Ihusishe na mashine mama, bofya Capture, iwashe kwa PXE. Utaona skrini ya buluu ya Partclone ikihesabu.

Imeji inaandikwa kwanza /images/dev, ndani ya folda yenye anwani ya MAC, na mwisho inahamishwa kwenda /images kwa FTP. Hapa pana kosa maarufu: asilimia mia inafika, halafu inatokea ftp_login(): Login incorrect, na imeji haionekani. Haijapotea, imebaki dev. Nywila ya fogproject iliyomo kwenye .fogsettings haifanani na ile ya ghala la imeji au ile ya mipangilio ya TFTP kwenye ukurasa. Zilinganishe zote na ile ya .fogsettings, kisha chukua imeji upya. Umeme ukikatika katikati ya kuchukua, futa folda hiyo ya dev uanze tena.

Kushusha

Anza na kompyuta moja. Iache imalize, ingia, fungua kila programu, chapisha ukurasa, angalia jina limebadilika, angalia C imepanuka hadi mwisho. Halafu tatu. Halafu safu.

Kuna namna mbili. Moja kwa moja, kila kompyuta inavuta imeji yake; ghala huja likiwa limeruhusu kumi kwa pamoja, na kwa seva ya diski ya kuzunguka ipunguze iwe tatu au nne, zilizobaki zitasubiri zamu. Namna ya pili ni multikasti: seva inatuma mara moja, wote wanasikiliza. Kwa chumba kizima ni nzuri sana, ila inakwenda kwa kasi ya mnyonge. Kompyuta moja yenye kebo mbovu iliyoshuka megabiti 100 inawavuta wenzake ishirini na tisa, na ndiyo maana tumesisitiza meno ya kijani. Kabla ya multikasti tazama taa za swichi: nyingi zina rangi moja kwa gigabiti na nyingine kwa 100. Ukiona rangi isiyofanana, kebo hiyo itoe. Washa IGMP snooping, inayopeleka multikasti kwenye milango iliyoiomba tu, kama swichi yako ina mipangilio. Na kama ina STP, kinga ya swichi dhidi ya kebo zilizojizungusha, milango ya kompyuta iwekwe iruke ule muda wa kusubiri, ambao unaweza kufika sekunde 30, la sivyo PXE inakata tamaa kabla mlango haujafunguka.

Kompyuta moja isipojiunga, kundi zima linakaa kwenye skrini ya kusubiri hadi muda wa kungoja uishe. Nenda kaitafute, mara nyingi Secure Boot imejirudisha.

Umeme ukikatika wakati wa kushusha hakuna la kuogopa: iamuru upya. Diski ile ilikuwa inafutwa hata hivyo.

Uokoaji wa kila siku

Kabla ya kushusha imeji kwenye kompyuta ya mtu, kumbuka inafuta kila kitu. Kazi za wanafunzi zisikae C hata kidogo; wape folda ya pamoja ya mtandao (Samba) kwenye seva nyingine. Kompyuta ya ofisini ichukulie imeji yake binafsi kwanza, kwa jina la kiti na tarehe, uihifadhi wiki mbili, kisha uifute. Humo kuna taarifa za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu hata wewe fundi.

Diski inayokwama haihitaji imeji, inahitaji kubadilishwa. Menyu ya FOG ina kipimo cha RAM, na kazi zake za ziada zina TestDisk na uokoaji wa faili. Pima kwanza. Imeji mpya juu ya RAM mbovu inaharibika wiki hiyohiyo, na mwenye kompyuta ataiona kazi yako kuwa ndiyo mbovu.

Akiba ya seva yenyewe

Kila Ijumaa, chomeka diski ya nje, uipachike kwenye /mnt/akiba, kisha:

sudo mysqldump -r /mnt/akiba/fog-$(date +%F).sql fog
sudo rsync -a --exclude dev /images/ /mnt/akiba/images/
sudo rsync -a /opt/fog/ /mnt/akiba/optfog/

Mstari wa tatu ndio unaosahauliwa. Ndani ya /opt/fog/snapins/ssl kuna cheti ambacho wateja wote thelathini wanakitambua. Ukijenga seva mpya bila hicho, imeji zitashuka vizuri, lakini wateja waliokwisha kusimikwa watamkataa mwenye nyumba mpya, na itabidi uwasimike upya mmoja mmoja.

Diski ya nje ikishamaliza, ichomoe na uiweke jengo jingine, ndani ya mfuko uliofungwa wenye vifuko vya kunyonya unyevu. Mara moja kwa muhula, chukua kompyuta yoyote ya akiba, simika Debian na FOG juu yake kwa anwani ileile huku seva halisi ikiwa imezimwa, rudisha akiba, na ushushe imeji kwenye kompyuta moja. Pima muda kwa saa, na uuandike ndani ya mlango wa kabati la seva pamoja na tarehe.